Taa inaonekana, reshoo haionekani

Nyumba yetu hapa Bugeshi iko na vyumba vitatu, watu sita na mita moja ya Cash Power. Watano ni wanafunzi, wa sita ni mimi. Nilimaliza sekondari, sasa ninafanya kazi na vijana, na kwa sababu nimewazidi umri wananiita yaya. Wengine tulivukia Kabuhanga, wengine Gisenyi, kila mtu na mwaka wake wa kukimbia.

Bugeshi ni baridi. Karisimbi iko karibu, mlima wa mita 4,507, na upepo wake unaingia hata ukifunga mlango. Usiku mwingine tunaona anga jekundu upande wa Nyiragongo, na vijana wanacheka kwamba ule mlima unawaka mpaka asubuhi bila kununua yuniti. Sisi tunanunua.

Mwaka 2023 umeme ulianza kutugombanisha. Tulichanga, yuniti ziliingia Jumapili, na Alhamisi mita ilikuwa tayari inalia. Kila mtu aliangalia mwenzake. Basi nilichukua daftari.

Bei ya wakati ule, iliyoanza Januari 2020, ilikuwa ya ngazi. Kila mwezi yuniti 15 za kwanza zilikuwa faranga 89 moja moja. Kutoka hapo mpaka 50, faranga 212. Kupita 50, faranga 249, na kodi bado. Ngazi ile ya chini inamsaidia mtu mwenye matumizi kidogo, asikose taa. Lakini mita haihesabu vichwa. Sisi tulikuwa tunamaliza yuniti 60 kwa mwezi, yaani faranga 11,245. Kama kila mmoja angekuwa na mita yake na kutumia yuniti 10, wote sita tungelipa 5,340 tu. Tuliungana kwa sababu hatuna kitu, na kwa kuungana tukahesabiwa kama nyumba ya tajiri.

Bei hatukuweza kuibadilisha. Tulibaki na kitu kimoja: kupunguza. Nikaandika sheria, nikazibandika mlangoni. Pasi ni Jumamosi tu. Simu zichajiwe mchana. Taa zizimwe saa nne usiku. Atakayevunja, jina lake liandikwe kwenye karatasi, na mwisho wa mwezi aongeze faranga 500.

Wiki mbili zikapita. Jina lililoandikwa zaidi lilikuwa la dada mmoja aliyekuwa anajiandaa kwa mtihani wa taifa. Taa yake ilikuwa inaonekana chini ya mlango mpaka saa saba. Mara nne aliandikwa, na mara tatu mwandishi nilikuwa mimi. Halafu jina lake likaacha kuonekana. Nilifurahi, nikasema sheria imefanya kazi.

Usiku mmoja nilirudi nimechelewa kutoka kwenye mkutano wa vijana. Nikamkuta kwenye baraza ya duka la jirani, amejifunika kitenge mpaka kichwani, anasoma kwa taa ya dukani. Mikono ilikuwa inatetemeka kwa baridi. Nikamuuliza anafanya nini pale saa hiyo.

"Yaya, ile taa nilizima," akasema. "Sikutaka waniandike tena."

Hakusema "uniandike." Alisema "waniandike," kwa heshima, kama vile si mimi.

Sikulala. Nilichukua balbu ya akiba nikasoma nguvu yake: wati 9. Ukiiwasha saa tano kila usiku, siku 30, ni yuniti moja na theluthi hivi. Kisha nikageuka nikaangalia chini ya kitanda changu. Pale kulikuwa na reshoo yangu, lile jiko dogo la umeme la sahani moja, wati 1,000. Kila jioni nilikuwa ninapikia maharage yangu juu yake, saa nzima, kwa sababu makala yamepanda bei na moshi unanikohoza. Saa moja kwa siku, siku 30, ni yuniti 30. Nusu ya umeme wa nyumba ilikuwa inaingia kwenye sufuria yangu, na mimi ndiye nilikuwa ninaandika majina.

Je, nilikuwa ninadanganya? Nimejiuliza sana. Reshoo wote walikuwa wanaijua, na hakuna aliyesema kwa sababu mimi ni yaya. Mimi mwenyewe sikuiona kama kosa, kwa sababu chakula ni haja. Lakini na kusoma je? Nafikiri kosa langu lilikuwa hili: nilihukumu kinachoonekana. Taa inapita chini ya mlango, kila mtu anaiona. Moto wa reshoo hauonekani, na mwenye reshoo ndiye aliyekuwa na kalamu. Kwa watu wanaoishi pamoja, anayepima haja za wengine ni lazima aanze kupimwa yeye.

Jumapili niliwaambia wote, pamoja na hesabu. Kukawa kimya. Halafu mdogo wetu wa mwisho akapasuka kucheka: "Kumbe yaya njo anakulaka umeme!" Yule dada hakucheka. Alisema tu kwamba 2,000 zake zirudi, nikarudisha.

Karatasi ya majina tuliichoma. Lakini kulikuwa na swali jingine. Wazo la kwanza la wote lilikuwa kwamba tuache reshoo, kila mtu apike kwenye mbabula yake. Yuniti zingeshuka, ndiyo. Lakini sisi tumetoka Kivu, tunajua makala yanayopelekwa Goma yametoka wapi: mengi ni miti ya Virunga. Kuhamisha moto kutoka kwenye mita kwenda msituni si kupunguza. Ni kumpelekea mwingine bili, na huyo mwingine hana mdomo wa kukataa.

Tukaamua mambo mawili madogo. Maharage yalowekwe tangu usiku, yaive haraka. Na badala ya sufuria sita, tupike moja kubwa ya wote kwenye mbabula moja, kwa zamu. Reshoo ibaki kwa mgonjwa. Taa ya mwenye mtihani haina saa.

Mwezi uliofuata tulimaliza yuniti 33, faranga 5,151 kabla ya kodi. Ni chini ya nusu ya zamani. Makala tunachanga pamoja, na tunakula pamoja, kitu ambacho hatukuwa tunafanya. Sitasema kila kitu kimekuwa sawa. Zamu zinasahauliwa, na yule dada ilimchukua muda mrefu kuniita yaya tena bila kuangalia chini.

Wewe unayesoma hii, pengine nawe unaishi na wenzako kwenye mita moja, ama kwenye hema moja, ama kwenye ndoo moja ya maji. Siku itafika mtakapoandika sheria za kupunguza. Ziandikeni, ni lazima. Lakini kabla hujaandika jina la mtu, chungulia kwanza chini ya kitanda chako.