Deni la Mchanga: Sakafu ya Tangi na Wema wa Samaki

Samaki wa chini ni wale ambao sakafu ya maji ndiyo mahali pao pa kulia, pa kupumzikia na pa kujifichia. Kambare wadogo wa jenasi ya Corydoras, wenye asili ya Amerika Kusini, huzamisha pua mchangani, wakala kilicho chakula na kuutoa mchanga kupitia matamvua. Katika Ziwa Tanganyika, sikilidi aitwaye Lamprologus ocellatus huishi ndani ya kombe tupu la konokono. Huchimba mchanga kando ya kombe hilo mpaka lizame, libaki tundu la kuingilia. Basi anayetandaza kokoto, mchanga au kuacha kioo kitupu chini ya tangi huwa ameshaamua samaki hao wataishi vipi. Swali la maadili linaanzia hapo: mfugaji anawiwa nini na kiumbe asiyeweza kudai?

Jibu la kwanza hupima kwa maumivu. Mwanafalsafa Jeremy Bentham, katika kitabu chake cha 1789, alishikilia kwamba mnyama huingia katika hesabu ya maadili kwa uwezo wake wa kuteseka, awe na akili na lugha au asiwe nazo. Kwa samaki, uwezo huo una ubishi. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake walichapisha utafiti juu ya trauti waliodungwa asidi midomoni: walichelewa kurudi kula, na baadhi yao walijisugua midomo kwenye changarawe za tangi. Mtafiti wa ubongo Brian Key alipinga tafsiri hiyo mwaka 2016, akisema ubongo wa samaki hauna sehemu zinazowezesha maumivu kuhisiwa. Hata ubishi huo ukiendelea, kokoto zenye ncha zina kesi ya kujibu. Huchubua sharubu za Corydoras, na uchafu unaonasa katikati yake hulea bakteria wanaoliozesha jeraha.

Kipimo cha maumivu huishiwa nguvu mbele ya kioo kitupu. Kioo hakichubui, husafishika upesi, na wafugaji wengi wa kuzalisha hukipenda. Samaki hula, hukua, hata hutaga. Amekosa nini basi? Aristotle ana jibu. Aliwachunguza samaki kwa makini, akaeleza jinsi taa mwenye umeme anavyojifukia chini ya maji akivizia mawindo. Katika falsafa yake, wema wa kiumbe ni kuitimiza kazi ya umbile lake. Kwa hiyo mdomo ulioumbika kuchuja mchanga, ukinyimwa mchanga, umenyimwa kazi yake ingawa tumbo limeshiba. Mwanafalsafa Martha Nussbaum, katika kitabu cha 2006, ameliendeleza wazo hilo: kumtendea mnyama haki ni kumpa nafasi ya kuishi kwa vipawa vya jinsi yake.

Mafundisho ya Uislamu yanafika karibu na hapo kwa njia nyingine. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Hadithi ya mtoto Abu Umayr na ndege wake mdogo, kwa upande mwingine, imechukuliwa na wanazuoni kuwa hoja ya kuruhusu kufuga ndege, kwa sharti la kuwatunza. Zikisomwa pamoja, kufuga si kosa, ila anayemtenga kiumbe na ardhi yake hulibeba deni la ardhi hiyo: kila ambacho kiumbe angejipatia huko, sasa ni juu ya mfugaji.

Pingamizi moja husema kwamba samaki aliyezaliwa tangini hajaujua mchanga, hivyo hawezi kuukosa. Lakini Corydoras wa vizazi vya tangini akiwekewa mchanga huuchuja bila kufundishwa. Umbile hurithiwa hata pasipo kumbukumbu. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kama umbile ndilo kipimo, hakuna tangi litakalotosha. Hoja hii haivunji kila ufugaji, lakini inaweka mpaka. Samaki ambaye deni lake haliwezi kulipwa ndani ya kioo hafai kununuliwa.

Deni lenyewe hutofautiana kwa kila jinsi. Corydoras humfaa mchanga laini wa chembe za mviringo, wenye kina cha sentimita 3 hivi. Ocellatus huhitaji sentimita 5 au zaidi, pamoja na makombe ya kutosha kila samaki apate lake. Mchanga wa matumbawe huongeza ugumu na pH ya maji, jambo linalowafaa samaki wa Tanganyika, ziwa ambalo pH yake hukaribia 9, na kuwadhuru wengi wa maji laini ya Amazon. Kambare aitwaye Ancistrus naye hujishikiza kwa mdomo juu ya mawe na magogo, akiyakwangua. Huyo mchanga haumlipi kitu. Deni lake ni gogo.