Fenesi Halining'inii Kijitawini

Somo: Wagalatia 6:1–5



Wiki hii nilipita Whitechapel nikaona mafenesi yamepangwa nje ya duka la Wabangladeshi. Kwao ndilo tunda la taifa. Sisi wa Unguja, Tanga, Bukoba na Kampala tumelila tangu utotoni.

Kumbukeni mfenesi unavyozaa. Embe huning'inia nchani mwa tawi. Lakini fenesi, ambalo laweza kupita kilo 30, hutoka kwenye shina lenyewe na kwenye matawi makubwa. Lingeota kwenye kijitawi, kingevunjika. Mungu ameuweka uzito penye nguvu.

Sisi je? Tulimpokea kijana mgeni hapa mjini. Anafanya kazi ya usiku, na mshahara wake unagawanywa kati ya kodi ya chumba na karo ya wadogo zake nyumbani. Kwa kuwa hajui kukataa, tukampa kinanda, tukampa kuwaleta wazee kwa gari, tukampa kupanga viti. Kisha Jumapili tatu hakuonekana, tukasema amepoa kiroho. Hata mimi mchungaji wenu nilisema. Nilipomtembelea aliniambia, "Mchungaji, nikiona simu ya kanisa, naizima." Hakuwa amepoa. Alikuwa ameelemewa.

Paulo katika mstari wa 2 anatuagiza tubebeane mizigo, na katika mstari wa 5 anasema kila mtu ana mzigo wake. Hajipingi. Katika Kigiriki ni maneno mawili: la kwanza ni uzito unaomlemea mtu, la pili ni furushi lake mwenyewe. Furushi kila mtu abebe lake. Fenesi libebwe na shina, yaani sisi sote pamoja ndani ya Kristo.

Na mstari wa 1 unataka upole kwa anayemwendea ndugu yake. Mpasua fenesi hupaka mafuta mikononi na kwenye kisu kwanza, maana utomvu wake hunata. Basi tusimwendee huyu kijana kwa lawama.

Leo wakati wa chai, kila idara iandike nani anafanya nini. Mwenye kazi tatu tumpunguzie mbili. Jumapili ijayo wazee nitawaleta mimi.

Bwana, utusamehe tuliowavunja wadogo kwa mizigo yetu. Utufanye shina. Amina.