Mtoto Mdogo Awafundisha Wakubwa

Mwenyezi Mungu angaliweza kumwumba mtu mwenye akili timilifu tangu siku ya kuzaliwa. Hakupenda hivyo. Alipenda mtu aanze mdogo, asiyejua kusema wala kutembea, akue polepole mikononi mwa wengine. Hata Mwanawe wa pekee, alipojifanya mtu, hakuiepuka njia hiyo. Mwinjili Luka ashuhudia kwamba Yezu alikua Nazareti, si kwa mwili tu, bali kwa hekima pia, akiwatii Maria na Yozefu.

Walakini watu wengi hudhani kwamba mtoto wa miaka miwili au mitatu hajifunzi kitu. Husema: «Huyo hajapata akili bado, anacheza tu.» Akimwaga maji, hupigwa, akiuliza neno, huambiwa anyamaze. Wazazi hungoja aingie darasa la kwanza, ndipo wanaposema kwamba sasa ameanza kufundishwa. Wanakosa sana.

Mjini Roma, katika mtaa wa San Lorenzo, walikaa watu maskini. Wazazi walishinda kazini, nao watoto wao wasiotimiza umri wa shule walibaki peke yao, wakichafua kuta na ngazi za nyumba. Tarehe 6 Januari 1907, siku kuu ya Epifania, watoto kama 50 walifunguliwa chumba chao, wakawekwa chini ya uangalizi wa mganga mwanamke, jina lake Maria Montessori. Mahali pale pakaitwa Nyumba ya Watoto. Mganga huyo hakuanza kwa fimbo wala kwa maneno mengi. Alianza kwa kutazama.

Siku moja alimwona msichana wa miaka 3 hivi akitia vipande vya mti, vinene na vyembamba, kila kimoja katika tundu lake. Alipomaliza, alivitoa vyote, akaanza tena. Wenzake waliimba kando yake, asigeuke. Kiti chake kiliinuliwa, naye akiwa amekikalia, kikawekwa juu ya meza. Akavipakata vipande vyake, akaendelea. Alirudia kazi ile zaidi ya mara 40. Kisha akaacha mwenyewe, uso umemng'aa, kama mtu aliyeamka katika usingizi mtamu.

Siku nyingine Montessori aliwaonyesha watoto namna ya kupenga kamasi kwa kitambaa, taratibu na kwa adabu. Alipomaliza, walimpigia makofi kwa furaha. Walikuwa wamezoea kukaripiwa na kuaibishwa kwa sababu ya kamasi zao. Lakini hapakuwa na mtu aliyewafundisha kuzipenga.

Katika hayo kuna mafundisho matatu. La kwanza: mtoto mdogo hujifunza kwa mikono. Akifagia kwa ufagio mdogo, akimimina maji kikombeni, akifunga vifungo vya nguo, akili yake yafanya kazi pamoja na vidole vyake. La pili: hujifunza kwa kurudia. Mkubwa huchoka kwa kurudia, bali mtoto hupata nguvu. La tatu: hujifunza kwa kuiga. Kabla hajafahamu maneno ya sala, amekwisha kuuona mkono wa mama ukifanya ishara ya msalaba. Na kama nyumbani aona matusi na ulevi, hayo nayo huyajifunza, wala hahitaji mwalimu.

Basi, mzazi na ajue kwamba darasa la kwanza la mwanawe ni kiwanja cha nyumba yake. Na ampe kazi ndogo inayolingana na nguvu zake. Na amwonyeshe kwanza, kabla ya kumkaripia. Maana kumwadhibu mtoto kwa jambo asilofundishwa si malezi, ni udhalimu.

Mkatekumeni naye atajiona katika habari hii. Kardinali Lavigerie, aliyekufa mwaka 1892, aliwaamuru Mapadri Weupe wawaandae watu muda wa miaka 4 kabla ya Ubatizo. Wengi walinung'unika, wakidhani wanazuiliwa mlangoni. Kumbe Eklezya ni mama, na mama hamlazimishi mtoto kukimbia kabla ya kusimama. Bibi mzee asahauye Nasadiki kila juma, akaona haya mbele ya vijana, akataka kuacha mafundisho, na amkumbuke mtoto yule wa Roma. Hakuhesabu mara alizorudia. Alishika tena kipande cha kwanza.

Na katekista asimcheke bibi huyo. Bwana Yezu alimweka mtoto katikati ya Mitume wake, waliokuwa wakibishana juu ya ukubwa, awe kielelezo chao. Ajifanyaye mdogo apate kufundishwa, huyo yu karibu na mlango wa Ufalme.