Nyimbo za Utotoni

Wanaouguza wazee wanajua jambo moja la ajabu. Mzee aliyekwisha kusahau majina ya watoto wake, asiyejua kama leo ni Jumatatu au Dominika, akisikia wimbo aliofundishwa alipokuwa mtoto, mara uso wake hubadilika. Midomo hutikisika, na maneno yaja moja moja bila kukosea. Wengi waliokua kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wangali wanayo “Salve Regina” moyoni kwa Kilatini, ingawa lugha hiyo hawakujifunza kamwe.

Mbona iwe hivyo? Kwa sababu wimbo wa utotoni haukuingia kwa njia ya akili peke yake. Uliingia pamoja na sauti ya mama penye mafiga, na harufu ya ubani, na giza la alfajiri ya Noeli, na mkono wa baba njiani kwenda kanisani. Wimbo ukirudi, hayo yote hurudi pamoja nao. Ndiyo maana mtu mzima, mwenye kazi yake na heshima yake, aweza kusimama katikati ya Misa akalia machozi.

Asione haya. Mtakatifu Agostino alibatizwa na Askofu Ambrosi mjini Milano, usiku wa Pasaka wa mwaka 387. Mwaka uliotangulia Justina, mama wa Kaisari, alitaka kuwanyang’anya Wakatoliki kanisa. Nao wakakesha ndani pamoja na Askofu wao, wakafundishwa kuimba ili wasife moyo. Katika kitabu chake cha Maungamo, Agostino asimulia jinsi nyimbo hizo zilivyomliza. Mwaka ule ule wa ubatizo wake, mama yake Monika akafariki huko Ostia. Siku ya maziko alijikaza, asitoe chozi. Baadaye, alipokuwa peke yake kitandani, alikumbuka wimbo wa jioni wa Ambrosi. Ndipo machozi yakapata njia.

Lakini Mtakatifu huyo huyo atuonya. Akiri kwamba kila alipoguswa na sauti kuliko maneno yaliyoimbwa, alijiona amekosa. Nasi tujichunguze. Yuko alaye machozi yake usiku wa Noeli, na kesho yake hasemi na ndugu yake. Yuko aliaye kwa wimbo wa Bikira Maria, na mama yake mzazi kijijini hajapata salamu zake mwaka mzima. Ndugu wapenzi, machozi si toba. Utamu wa wimbo ni mlango tu. Aliyesimama mlangoni hajaingia bado nyumbani.

Tena tuwaulize wazazi: watoto wenu wataimba nini watakapokuwa wazee? Tangu asubuhi hata usiku redio na simu zinawaimbia. Hatusemi nyimbo zote hizo ni mbaya. Lakini redio haimjui mtoto kwa jina, wala haitamwombea. Shamba lisilopandwa halikai tupu. Huota lolote liletwalo na upepo. Basi, baada ya sala ya jioni, imbeni ubeti mmoja pamoja. Sauti ikikwaruza, si neno. Mtoto hatakumbuka ubaya wa sauti, atakumbuka kwamba ni ya baba yake. Wala tusiwaachie wanakwaya kazi yote. Mtaguso, katika Hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza nyimbo za watu zikuzwe, ili sauti za waamini wenyewe zisikike.

Tukumbuke mfano wa Mwana Mpotevu. Aliporudi, nyumba ya baba yake ilijaa nyimbo na ngoma. Kaka yake akitoka shamba alizisikia kabla hajafika mlangoni, naye akakasirika, akakataa kuingia. Masikio yake hayakuwa na kasoro. Alikosa kumsamehe ndugu yake. Baba akatoka, akamsihi. Dominika hii, wimbo wa utotoni ukitugusa tena, tusiishie kupangusa macho. Tuulize ni nani tuliyemwacha bila salamu, tuondoke, tumwendee siku hiyo hiyo. Huenda Baba mwenyewe ametoka nje anatusihi tuingie.