Nani Anayeanza?

Nafundisha kompyuta hapa Ggaba, karibu na soko la samaki la ufukweni, na Jumapili nafundisha katekisimu. Kazi hizi mbili zilikutana kwenye kitufe cha Tab.

Kijana aliyefunguliwa akaunti kwenye seva yetu ya Ubuntu aliniita: "Mwalimu, Tab haifanyi kazi." Aliandika cd na mwanzo wa jina la saraka, akabonyeza, ikatokea nafasi tupu. Akaunti ilikuwa imefunguliwa kwa useradd, amri ambayo usipoielekeza humpa mtu sheli ya /bin/sh. Na kwenye Ubuntu, tangu 2006, hiyo ni dash, sheli nyepesi isiyomalizia majina. Nikamwambia aandike chsh -s /bin/bash, atoke, aingie upya. Bash, aliyoianzisha Brian Fox na kuitoa 1989, inao msaada huo.

Bash ilipommalizia jina la saraka kwa mara ya kwanza, akauliza: "Basi mimi naanza, yenyewe inamaliza. Ndivyo neema ilivyo?"

Swali hilo liliwahi kuligawa Kanisa. Pelagius alidai hiari ya mtu inatosha kumfikisha kwenye wema. Mtakatifu Augustino akampinga kwa nguvu zote. Baadaye watawa wa kusini mwa nchi ambayo leo ni Ufaransa wakatafuta njia ya kati: mtu mwenyewe aanze kumtaka Mungu, kisha neema imkamilishe. Ndiyo kauli ya kijana wangu hasa. Mwaka 529 maaskofu waliokutana katika mji wa Orange wakaikataa. Hata hamu ya kuamini, walisema, ni zawadi.

Na Tab yenyewe, ukiichunguza, iko upande wa maaskofu. Bash haibuni jina. Inasoma saraka na kulinganisha herufi zako na majina yaliyomo. Herufi mbili zina maana kwa kuwa faili ilikuwapo kabla hujagusa kibodi. Kama haipo, utabonyeza mpaka jioni bila jibu.

Ila yakiwapo majina mawili, ripoti-juni na ripoti-julai, bash huandika hadi ripoti-ju na kusimama. Ukibonyeza tena mara mbili inakuonyesha yote mawili. Haikuchagulii, wala haibahatishi neno unalolipenda kama zifanyavyo simu zetu. Naipenda sana tabia hii. Vivyo hivyo Augustino hakuifuta hiari ya mtu, na anayemsoma kana kwamba aliifuta anamdhulumu.

Mfano huu una mpaka wake: faili haimwiti mtu, inakaa tu hadi itafutwe. Mungu tunayemhubiri huita kwanza.

Kwa hiyo nawasihi makatekista wenzangu: tusiwaambie vijana kwamba Mungu anangoja waanze wao. Wapo wasio na nguvu ya kuanza, na hao ndio wanaokaa viti vya nyuma wakidhani hawakualikwa.