Bei Imeshuka, Spea Hazijashuka

Mpwa wangu, mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam, ameona Mercedes S500 ya mwaka 2002 inauzwa, na roho yake imeshahamia humo. "Mjomba, ni bei ya IST kabisa," ananiambia. Ni kweli. Lakini kilichoporomoka ni bei ya gari. Spea zake zimebaki za gari la kifahari.

Tuanze na injini. IST ina plagi 4. Hiyo S500 ina silinda 8, kila silinda plagi 2, jumla 16. Oili ya IST haifiki lita 4. Hiyo inameza karibu 8. Na hapo ni sevisi ya kawaida, gari likiwa zima.

Kinachonitia hofu hasa ni miguu. Shokapu zake hazina springi za chuma, zina mifuko ya mpira iliyojazwa hewa. Ndiyo maana likipita kwenye matuta, aliyekaa ndani hasikii kitu. Mpira ukizeeka hufanya nyufa, hewa inavuja taratibu, na asubuhi unakuta kona moja imekaa chini. Kompresa inahangaika kurudisha hewa inayopotea, inafanya kazi kupita uwezo wake, mwishowe inaungua. Wengi hupoteza pesa hapo: wananunua kompresa, wanauacha mfuko unaovuja, na kompresa mpya nayo inaungua.

Simkatazi kupenda gari zuri. Lile limetengenezwa na watu walioijua kazi yao, na kulitunza ni kuwaheshimu. Linaloniuma ni kukuta gari la namna ile limewekwa juu ya mawe nyuma ya gereji, huku ada za watoto zikiwa zimeishia kwenye spea za mtumba ambazo hazikudumu. Mpwa wangu ana watoto wawili, na mkewe anauza vitenge Kariakoo. Nyumba ile ina matumizi yasiyosubiri.

Nimemwomba kabla hajatoa hata advansi, alipeleke kwa fundi anayeshinda na Mercedes kila siku, lipimwe kwa mashine, kisha lilale hapo hadi asubuhi waangalie kama kona zote nne bado zimesimama sawa. Halafu aulize bei ya shokapu zote nne na kompresa, ajumlishe na bei ya gari. Jumla hiyo ndiyo akae na mkewe waitazame. Wakiiweza, nitakwenda naye mwenyewe kulichukua.