Mwili Hufundwa Wapi Kujijua?

Kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, ngoma za jando na unyago husikika vijijini Nachingwea na Ruangwa. Kwa Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde, umri peke yake haumfanyi mtoto kuwa mtu mzima. Sharti aingie kumbini, afundwe. Desturi hiyo imebeba swali zito: mtu huzaliwa akijijua, au hufundishwa?

Mwili nao hufundishwa. Nyuma ya mfupa wa kidari, juu ya moyo, ipo tezi ya thaimasi. Mwaka 1961 Jacques Miller, akiwa London, alionyesha kwamba panya wakiondolewa tezi hiyo mara baada ya kuzaliwa hudhoofika na kuelemewa na maradhi. Hata wakibandikwa ngozi ya panya wa ukoo mwingine, hawaikatai.

Chembe changa za kinga hutoka kwenye uboho, zikaingia thaimasi, kila moja ikijiundia kipokezi chake kwa kubahatisha. Humo hupimwa. Isiyotambua kabisa alama za mwili wake hufa. Inayozing'ang'ania mno nayo kwa kawaida hufa, maana ingekuja kuushambulia mwili wenyewe. Jeni iitwayo AIRE huziwezesha seli za tezi kutengeneza hata protini za viungo vya mbali, kama insulini ya kongosho, ili chembe zikutane na mwili mzima mahali pamoja. Katika kila chembe mia, zinazohitimu kuwa seli T hazifiki tano.

Hapo jando na thaimasi huachana. Kumbi haliwekwi ili wabaki wachache. Kila mzazi husubiri mwanawe atoke, na asiyeshika fundisho hurudiwa. Anayeufanya ukali wa mwili kuwa hoja ya kuwatenga wageni au wanyonge anakosea: chembe haina utu, mtoto anao. Tena mwili wenyewe hautegemei kuua tu. Baadhi ya chembe zinazoelekea kuzing'ang'ania alama za mwili huachwa hai, zikawa za kuzituliza nyingine. Utafiti juu ya chembe hizo uliwapatia Shimon Sakaguchi, Mary Brunkow na Fred Ramsdell Tuzo ya Nobel mwaka 2025.

Thaimasi hufanya kazi yake kubwa utotoni, na utapiamlo mkali huisinyaza. Basi wazazi na makungwi wa Nachingwea na Ruangwa wahakikishe mwari anakula akashiba, na kwamba mbaazi, ufuta na korosho za shambani haziishii zote mnadani.